Koja la Mbuzi wa Akika

Nianze na ujinga wangu, maana yote yaliyofuata ni watoto wake: nilimvisha mbuzi wa akika koja la maua, nikampiga picha, kisha nikamlisha koja lile lile. Wala hakunipokonya. Nilimtia mdomoni kwa mkono wangu. Nilitaka picha ya mbuzi anayetafuna shada lake kama bibi harusi aliyechoka kungoja sahani ya pilau.

Picha ilitoka nzuri sana. Nalisema mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine atakayelisema.

Mbuzi yule hakuwa wangu, wala hakuwa wa mchezo. Alikuwa wa mtoto wa dadangu. Dada aliolewa akakaa miaka sita hana mtoto, na katika miaka hiyo kila mwanamke wa mtaani kwetu Kibokoni mwenye dawa, dua au ushauri aliuleta mlangoni kwetu, mpaka dada akaacha kwenda harusini, kwa kuwa kule walimtazama tumbo kabla ya uso. Mwisho Mungu akamjalia msichana mnene, mwenye sauti ya msukuma mkokoteni anayetaka njia. Dada akaja kwetu kukaa arobaini yake kama ilivyo ada, akapewa chumba changu, nami nikahamishiwa ukumbini nilale na cherehani.

Siku ya saba ndiyo ya akika. Mtoto ananyolewa, anatajwa jina, na mbuzi mmoja anachinjwa kwa kuwa ni msichana. Watu wanakula, wanamwombea dua. Mama alimchagua mbuzi huyo mwenyewe. Alimfunua meno, akamkunjua masikio, akamtembeza mbele na nyuma kutazama miguu, maana mbuzi wa akika hatakiwi kuwa na ila yoyote. Nasema kweli, hata mume wa dada hakukaguliwa hivyo.

Kumlisha kulikuwa kazi yangu tangu aletwe, mpaka siku ya sita.

Hapa sharti niwasifu kwanza mbuzi wa Mji wa Kale, ili mtu wa mahali pengine asidhani kwamba mbuzi ni mbuzi tu. Wetu hawachungwi. Asubuhi hufunguliwa mlango wakatoka kama makarani wanaokwenda bandarini, kila mmoja na njia yake na haraka yake. Hula maganda ya ndizi, majani ya kabichi, karatasi zilizofungiwa mahamri, na katoni, tena katoni wanazichagua. Jioni kila mmoja hurudi kwao akagonga mlango kwa pembe, na akichelewa kufunguliwa hupiga kelele mpaka jirani aone haya kwa niaba ya mwenye nyumba. Siku moja barabarani Ndia Kuu nilimwona mbuzi jike akisimama kupisha tuktuk, akatazama kulia, akatazama kushoto, ndipo akavuka na wanawe wawili nyuma. Dereva wa tuktuk ndiye aliyekuwa hatazami. Nawaheshimu sana wale viumbe. Nina walimu wawili watatu ambao heshima yao kwangu haifiki hapo.

Na kuna jambo la mbuzi hao nililokuwa nikiliona kila siku bila kulielewa.

Upande wa Ngomeni iko nyumba kubwa ya kale iliyokarabatiwa kwa ajili ya wageni wa nje. Mbele yake pamepandwa safu ya miti mifupi ya maua, na mti huo, hata baada ya yote yaliyonipata, nausifu. Majani yake ni membamba, marefu, ya kijani kilichokolea, yamesimama kama mtu ameyapanga kwa rula. Maua yake ni ya rangi ya waridi, hufumka mafungu kwa mafungu, jua liwake lisiwake, chumvi ya bahari ipige isipige. Hauombi maji wala mbolea. Ukuta wa nyumba umebabuka rangi, mti haujui. Harufu yake ni tamu kidogo, kama kashata inayopikwa nyumba ya tatu. Kitabu cha baiolojia kinauita olianda. Sisi mtaani tunayaita tu maua ya nyumba ya wageni. Maharusi wa Mombasa nzima hupelekwa kupigwa picha pale. Na mbuzi wetu, walaji wa katoni, walaji wa magazeti, hupita kando ya majani hayo mabichi kila siku bila kung'ata hata moja.

Mimi nilidhani ni adabu. Nilidhani hata mbuzi hujua nyumba yenye mlinzi.

Mlinzi mwenyewe ni Mgiriama, mtu mzima, mwembamba, Mkristo, Jumapili humuoni. Amezaliwa na kukulia huko bara ya Kilifi nyuma ya mbuzi wa babake, kisha akaja mjini kutafuta kazi. Akapewa geti pamoja na bustani. Alikuwa akiipogoa miti ile kwa mkasi mkubwa, na akimaliza huinama akaokota kila kijitawi, kila jani, hata lililopeperuka mpaka mtaroni, akavitia vyote ndani ya gunia, akalifunga mdomo kwa kamba, mafundo mawili. Halafu hunawa mikono mpaka viwikoni kama mtu anayetaka kula pilau na wakwe. Sisi vijana tulikuwa tukimcheka.

"Mzee," nilimwambia siku moja, "hizo taka zako zitatoroka?"

"Hazitoroki," akasema bila kuinua kichwa. "Ni wewe ninayekuogopa."

Nikacheka sana. Nilidhani ananitania.

Basi siku hiyo ya sita, baada ya Adhuhuri, mama alinituma Marikiti kuomba majani ya mbuzi. Wauza mboga pale huambua majani ya nje ya kabichi wakayatupa kando, na ukiamkia vizuri unapewa fungu bure. Lakini Marikiti ni jua, ni kubeba, na ni kuamkia vizuri, vitu vitatu ambavyo sivipendi. Nikakata njia ya Ngomeni. Gunia lilikuwa nje ya geti likingoja gari la taka, na mzee ameingia ndani kunywa chai. Nikajiambia: majani ni majani. Nikafungua fundo la kwanza, nikafungua la pili. Yalikuwa yamepogolewa tangu jana, yamelegea, maua bado yana rangi. Nikajaza kwapa, nikaondoka.

Nyumbani mama alikuwa jikoni akichambua mchele wa kesho, dada yuko chumbani na mtoto. Uani mbuzi amefungwa kwenye bomba. Nikachomoa uzi wa cherehani, nikatunga maua yale koja zuri, zito, la kuheshimika. Nikamvisha shingoni na jingine dogo pembeni mwa pembe, mfano wa kikuba, kile kishada cha asumini wanachojipachika wanawake. Akasimama ametulia, ametazama mbele, na uzuri wake ukanishangaza hata mimi. Nikapiga picha. Nikaandika: "Bibi harusi yu tayari, bwana harusi ametoroka." Nikaiweka kwenye simu watu waione.

Wenzangu wakaanza kucheka papo hapo, mmoja akaandika, "Ale basi, mpigie video anakula." Na mimi mtu akinichekea hunipotezea akili. Nikamsogezea mbuzi tawi la koja lake. Akanusa, akageuza uso. Nikamsogezea tena, akageukia upande wa pili. Kiumbe aliyewahi kula daftari langu la hisabati lote, jalada na vyote, akanikatalia mara mbili! Nikaona ni maringo. Nikachukua ganda la embe lililokuwa jaani, nikayapaka majani utamu wake, nikamwekea mdomoni kwa mkono wangu. Huo mkono ndio uliokuwa ukimlisha tangu aje. Akatafuna, nami kwa mkono wa pili nikampiga picha nyingine.

Majani saba, labda manane. Kisha akakataa kabisa, nami nikachoka. Makoja na majani yaliyobaki nikayasukuma nyuma ya tangi la maji, nikaenda kulala juu ya sifa zangu.

Aliyeona kwanza ni dada. Ilikuwa baada ya Alasiri, amesimama dirishani akimcheulisha mtoto.

"Mama," akaita, "huyu mbuzi amelala vibaya."

Mama akatoka. Mbuzi alikuwa ameegemea ukuta, mate yanamtoka kamba kamba, anasaga meno. Chini yake pamechafuka. Mama akamshika masikio.

"Baridi kama samaki," akasema. "Tena yuwatetema. Weye, umempani huyu?"

"Majani," nikasema. Na si uongo.

"Ya Marikiti?"

Nikakohoa. Mama hakungoja, alikuwa ameshashika simu kumpigia mjombangu.

Mjomba ana bucha, na katika ukoo wetu anasifika kwa kuwahi. Kwetu mnyama akifa mwenyewe ni kibudu, hana wa kumla. Lakini kisu kikimfikia angali hai, ni nyama halali. Kwa hiyo Mji wa Kale mbuzi akikohoa mara mbili, mtu wa tatu ameshaanza kunoa. Na mjomba hajawahi kuchelewa. Kuna ng'ombe aliwahi kuanguka kwenye lori kule Shimanzi, na mpaka leo watu husimulia kwamba mjomba alifika kabla ng'ombe hajamaliza kuanguka.

Nikamsikia mama akimwambia kwenye simu, "Njoo na kisu kabisa. Maghrib i karibu, ni kama siku ya saba tayari, na tulimchagua mzima, akika imetimu. Tutamchinja, nyama italala frijini, kesho watu wale. Asije akatufia." Na sauti ya mjomba ikasema yuko njiani, kama kawaida yake.

Hapo moyo wangu ukaanza kufanya hesabu. Mbuzi alikula katoni jana, hakuumwa. Alikula daftari, hakuumwa. Kitu kipya ni kimoja tu. Nikapenya mlangoni, nikakimbia mpaka Ngomeni.

Mzee alikuwa amesimama mbele ya gunia lake lililofunguka, mikono kiunoni.

"Masalkheri, mzee."

"Masalkheri. Mbona unahema?"

"Nina swali. La shule."

"Shule zimefungwa."

"La shule zikifunguliwa. Tuseme kuna mbuzi."

"Wa nani?"

"Wa mtu tu. Tuseme amekula maua haya."

"Mbuzi hali haya," akasema. "Yakiwa mabichi mtini hana haja nayo, anaujua uchungu wake. Labda yakinyauka. Labda tena apewe na mkono wa mtu anayemwamini." Akalitazama gunia, akanitazama mimi. "Nilifunga mafundo mawili."

Nikainama, nikaiokota kamba, nikampa.

"Majani mangapi?"

"Saba. Manane."

"Saa ngapi?"

"Baada ya Adhuhuri."

Akavuta pumzi. "Kwetu uko mti tunaoupikia sumu ya mishale, tunaita utsungu. Babangu alikuwa mpishi wake. Huu wa mapambo na ule ni ndugu, hufanya kazi moja. Hauchezi na tumbo peke yake, unaenda moyoni. Moyo unapiga, unasahau, unapiga, unasahau, mpaka unasahau moja kwa moja."

"Mjomba anakuja kumchinja sasa hivi."

Sijapata kumwona mzee yule akishtuka ila mara ile. "Nyama ile isiliwe! Wasikie wote. Watu wasile, paka wasitupiwe. Kimbia ukaseme."

"Mzee, twende ukaseme wewe. Wewe watakusikiza."

"Mimi namwachia mwenzangu geti, naja na makaa. Mwambie mamako ampigie daktari wa mifugo. Na mbuzi asikimbizwe wala asikokotwe, alale kimya. Lakini la kusema ni lako, kijana. Mimi sikumlisha."

Njiani nilipima mambo mawili, na kwa mtu anayekimbia nilipima vizuri. Nikisema, akika imeharibika, dada amengoja miaka sita, na mharibifu ni mimi. Nikinyamaza, mbuzi atachinjwa, hakuna atakayejua, pilau itapikwa. Kisha nikaanza kuwaona watakaoila: dada anayenyonyesha, bibi wa nyumba ya pili asiye na meno, baba akirudi kutoka kazini Kilindini na njaa yake. Nikaona sahani zikizunguka. Miguu ikaongeza mwendo bila kuniuliza.

Nilipoingia uani, mbuzi alikuwa amelazwa ubavu, uso wa kibla. Mjomba amechuchumaa, mikono ya kanzu imekunjwa, kisu kinang'aa kwa ubaya. Beseni liko tayari. Mama amejifunga leso kifuani kwa kazi. Dada amesimama mlangoni na mtoto.

"Toka kwenye mwanga," mjomba akaniambia.

Nikafungua mdomo niseme, na mdomo wangu, kwa mazoea yake mabaya, ukasema, "Mjomba, mbuzi huyo ana mtihani kesho."

Hakuna aliyecheka. Mjomba akamshika mbuzi kidevu, akamvuta shingo.

"Bismi..."

"Nimemlisha sumu!"

Kisu kikabaki hewani. Mtoto peke yake ndiye aliyeendelea na mambo yake.

"Sumu ipi?" mjomba akauliza. "Ya panya?"

"Ya maua. Maua ya nyumba ya wageni. Nyama yake isiliwe na mtu, wala paka."

"Maua!" Mjomba akageuka kwa mama. "Wamsikia mwanao? Mbuzi wa mji huu hula mfuko wa simiti akaenda zake, leo afe kwa maua. Huyu yuwafanya mzaha wake. Dadake anatafuta akika miaka sita, yeye yuwafanya mzaha!"

Na sikuweza kumlaumu. Ndiye mimi niliyempigia simu mwaka jana kwa sauti ya bwana afya, nikamfungisha bucha nusu saa. Mtu wa namna yangu hata akisema kweli, kweli yenyewe huomba shahidi. Nikatoa simu mfukoni, nikampa mama picha.

Mama aliitazama muda mrefu. Mbuzi na koja lake, kikuba pembeni, mdomo umejaa majani, na mkono wangu. Mjomba kisu chake bado kiko hewani. "Akifa hivi ni kibudu," akasema pole pole. "Amepotea bure. Niseme nini, nichinje au nisichinje?"

"Weka kisu, mjomba," dada akasema kutoka mlangoni. Hakupaza sauti. "Mbuzi ni wa mwanangu. Hatuli kitu cha shaka. Siku ya kumi na nne ipo, na ya ishirini na moja ipo. Mimi ni mwepesi wa kungoja siku hizi."

Mjomba akaweka kisu ndani ya beseni tupu, kikalia, nami nikamwambia mama ampigie daktari wa mifugo.

Dakika ile ile mzee akabisha hodi na kikapu cha makaa. Wengi wangeanza kwa kunitazama mimi. Yeye alimwamkia mama, akampa dada hongera ya mtoto, kisha akapiga magoti kando ya mbuzi kama aliyefika nyumbani kwake. Nimewaona madaktari. Nimemwona fundi wa saa wa mtaani kwetu akifungua saa ndogo kama kidole. Sijaona mikono kama ile. Alimgusa ufizi, akamfunua jicho, akalaza sikio lake mbavuni mwa mbuzi akafumba macho. Akaanza kugonga sakafu kwa kidole, kila moyo ulipopiga. Tuk. Tuk. Tuk. Halafu kidole kikabaki juu. Sote tukabaki juu nacho. Tuk.

"Unasahau," akasema, "lakini unakumbuka. Nataka kinu, na maji safi, na chupa ya soda."

Mama ana kinu kimoja tu cha bizari, na mtu yeyote nyumbani haruhusiwi kukiazima hata kwa kutwanga chumvi. Akakileta mwenyewe. Nikatwanga makaa mpaka yakawa unga laini kama wanja, uso wangu ukawa mweusi, pua yangu ikawa nyeusi ndani na nje. Mzee akauchanganya unga na maji, akautia chupani, akamnywesha mbuzi kwa pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, akingoja ameze ndipo ampe tena. "Ukimmiminia ataingiwa mapafuni," akatuambia. "Makaa yanashika sumu tumboni isiingie kwenye damu. Kwetu mtoto hufundishwa haya kabla ya kusoma."

"Na wa kwetu hufundishwa nini?" mjomba akasema, lakini alikuwa amemshika mbuzi kichwa kwa mikono miwili, kwa upole ambao sikuujua kwake. "Miaka thelathini nashika vichwa hivi. Leo ndiyo mara ya kwanza nashika nikiomba kisikatike."

Daktari wa mifugo akafika kwa pikipiki jua likiwa bado juu ya mapaa. Akampima, akamdunga sindano, akaona midomo myeusi ya mbuzi.

"Nani aliyempa makaa?"

Sote tukamnyooshea mzee vidole. Daktari akampa mkono kwa mikono yake miwili, akasema hapo mwanzo hata yeye asingefanya zaidi ya hayo. Kisha akatuambia kwamba hatari haijapita, kesho ndiyo itajulikana, na kwamba nyama ya mbuzi huyo asiguse mtu mpaka yeye mwenyewe arudi aruhusu. Akauliza majani yaliyobaki yako wapi. Nikaenda nyuma ya tangi mbele ya macho yote yale, nikayatoa, nikayatia ndani ya mfuko. Mzee akanipa kamba, nikafunga mafundo mawili.

Kutoka pale mpaka Maghrib mama alikuwa kwenye simu. Alipigia watu wote walioalikwa, mmoja mmoja: mtoto atanyolewa kesho na kutajwa jina kama ilivyopangwa, kutakuwa na kahawa na halwa, pilau ya akika itakuwa juma lijalo inshallah. Walipouliza kulikoni, alijibu, "Mbuzi ameugua." Nilikuwa nimekaa pembeni mwa ngazi nikingoja nisikie jina langu. Nyumba ngapi sijui. Kila nyumba ilisikia, "Mbuzi ameugua," na basi. Hata kwa shangazi, ambaye ukimpa kipande cha umbea atakuongezea mkate mzima, mama alisema mbuzi ameugua. Mimi hakunisemesha. Nilipomletea maji aliyachukua, akanywa, akanirudishia bilauri.

Nikaigusa ile picha kwa kidole, nikaifuta. Wenzangu wakauliza imekwenda wapi. Nikawaambia bibi harusi ameachika.

Asubuhi jua lilipochomoza nilikuwa wa kwanza uani. Mbuzi alikuwa amesimama. Miguu imepanuka kama meza mbovu, midomo myeusi, amekasirika na dunia nzima, lakini amesimama. Na alikuwa akila katoni ya halwa. Mzee akapita kabla ya zamu yake, akalaza sikio mbavuni, akagonga kidole muda mrefu bila kuruka hata mara moja, akampigapiga mgongo. Nilimwomba radhi kwa gunia. Akaniambia mti ule hauna kosa, na mbuzi hana kosa, kila mmoja alikuwa ameshamwelewa mwenzake zamani kabla mimi sijazaliwa. Nilimkaribisha halwa. Akachukua vipande viwili.

Mtoto akanyolewa, akalia mpaka Kibokoni nzima ikajua jina lake. Watu wakanywa kahawa, wakaomba dua, wakaenda zao. Nikabaki uani nafagia. Mama akatoka, leso begani, akasimama akimtazama mbuzi, halafu mimi, tangu nywele mpaka ndara. Nikajiandaa. Nilikuwa na majibu sita ya kuchekesha yaliyopangwa tayari, na sikutumia hata moja, kwa sababu alichosema mama ni hiki:

"Ungalinyamaza, tungalikula sote, na wa kwanza ni mimi, maana mimi ndiye nionjaye chumvi. Haya, nenda kaoge, wanuka beberu."